Nyenzo Huria za Elimu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na walimu, wanafunzi, wazazi, wakutubi na watafsiri. Majibu yake mengi yanaishia kwenye jambo moja, nalo ni ruhusa. Kusoma bila kulipa ni jambo jema, lakini mwalimu anayetaka kupunguza sura, kubadili mifano, kutafsiri au kugawa nakala anahitaji ruhusa iliyoandikwa, isiyoweza kufutwa kesho. Nyingi ya ruhusa hizo zimeshatolewa na hazijatumiwa.

## Nyenzo huria za elimu ni nini?

Ni kitu chochote cha kufundishia au kujifunzia ambacho mwenye hakimiliki amewaachia watu wote wakitumie, wakirekebishe na wakisambaze bila kuomba kibali kila mara, au ambacho muda wa hakimiliki yake umekwisha. Kinaweza kuwa kitabu kizima cha kiada, sura moja, maandalio ya somo, maswali ya majaribio, mchoro wa mfumo wa damu, video, rekodi ya sauti, ramani, au programu inayoigiza majaribio ya maabara. Si lazima kiwe mtandaoni. Kitabu cha karatasi chenye leseni huria, yaani ruhusa hiyo iliyoandikwa, ni nyenzo huria vilevile.

David Wiley, Mmarekani aliyeanza kutetea maudhui huria mwaka 1998, amezipanga haki hizi katika mafungu matano: kubaki na nakala yako, kuitumia, kuirekebisha, kuichanganya na nyingine, na kuisambaza. Ile ya kubaki na nakala aliiongeza baadaye, mwaka 2014, na ina uzito kuliko inavyoonekana. Majukwaa mengi yanakuruhusu kutazama somo ukiwa ndani ya akaunti yao tu. Siku akaunti ikifungwa au kampuni ikibadili sera, huna kitu mkononi.

## Kikipatikana bure mtandaoni, si tayari ni huria?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea.

Katika nchi nyingi hakimiliki huanza papo hapo mtu anapoandika, anapochora au anaporekodi. Hahitaji kusajili wala kuweka alama ya ©. Msingi huo umo katika Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao nchi karibu zote duniani zimejiunga nao. Maana yake ni kwamba ukurasa usiosema lolote kuhusu haki umehifadhi haki zote. Mwandishi amekukaribisha usome. Hajakwambia uchape nakala za darasa zima, wala utafsiri, wala uingize sura yake kwenye kitabu chako.

Chukua kozi za mtandaoni zinazotangazwa kuwa ni za bure. Nyingi zinakuruhusu kufuatilia masomo bila malipo, lakini video, maswali na vitini vyake vimefungwa na masharti yanayokataza kunakili. Nyingine huwa bure kwa muda, kisha zinaanza kulipiwa. Mwanafunzi anayejifunza mwenyewe huenda asione tofauti yoyote. Mwalimu aliyejenga mafundisho ya muhula mzima juu ya kozi hiyo ataiona siku itakapofungwa.

Kinyume chake pia ni kweli: kitu huria kinaweza kuuzwa. Kitabu chenye leseni ya CC BY, mojawapo ya leseni huria za shirika la Creative Commons zinazoelezwa hapa chini, unaweza kukichapa, kukijalidi na kukiuza, mradi umtaje mwandishi. Anayenunua analipia karatasi na kazi ya kuchapa, huku faili lenyewe likibaki wazi kwa kila mtu.

## Wazo hili lilianza lini?

Kugawana maarifa ni jambo la kale, lakini kwa mtindo wa leo mtu anaweza kuanzia 1971, Michael Hart alipoanza kuingiza maandishi yasiyo na hakimiliki kwenye kompyuta ya Chuo Kikuu cha Illinois. Kazi hiyo ndiyo ikawa Project Gutenberg, ambayo sasa ina vitabu zaidi ya 70,000.

Aprili 2001 chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza kwamba kitaweka wazi mtandaoni vitini vya kozi zake. Vyuo wakati huo vilikuwa vikihesabu faida ya kuuza masomo kwa intaneti, na uamuzi ule ulikwenda kinyume na mkondo. Mwaka uliofuata, Julai 2002, UNESCO iliitisha mkutano Paris kuhusu maana ya kozi hizo kwa vyuo vya nchi zinazoendelea, na huko ndiko dhana ya nyenzo huria za elimu ilipopewa jina lake. Desemba mwaka huohuo zikatoka leseni za kwanza za Creative Commons. Likafuata Azimio la Cape Town kuhusu elimu huria, lililozaliwa kwenye mkutano wa Septemba 2007 na kutangazwa Januari 2008, kisha Azimio la Paris la 2012. Novemba 2019 Mkutano Mkuu wa UNESCO ulipitisha Pendekezo kuhusu Nyenzo Huria za Elimu. Pendekezo si sheria ya kumfunga mtu, lakini linakupa hoja nzito unapozungumza na wizara au bodi ya chuo: nchi wanachama zimekubaliana kujenga uwezo wa watu, kuweka sera, kuhakikisha usawa, kutafuta njia za kuendesha kazi hii kwa kudumu, na kushirikiana.

## Herufi za leseni za Creative Commons zinasomwaje?

Leseni ziko sita, na zote zimejengwa kwa masharti manne. Ukiyajua manne, umezijua sita.

BY inataka umtaje mwandishi. Imo katika leseni zote sita. SA inataka kwamba ukirekebisha kazi na kuitoa, uitoe kwa leseni ileile. NC inakataza matumizi ambayo lengo lake kuu ni faida ya kibiashara au malipo ya fedha. ND inakataza kusambaza kazi iliyorekebishwa.

Kwa hiyo CC BY ndiyo yenye nafasi pana kuliko zote: fanya utakalo, taja mwenyewe. CC BY-SA inaongeza wajibu wa kuendeleza uhuru uleule, na ndiyo inayotumiwa na Wikipedia. CC BY-NC na CC BY-NC-SA zinazuia biashara. Vitini vya MIT viko chini ya hiyo ya pili. CC BY-ND na CC BY-NC-ND zinaruhusu kusambaza kazi kama ilivyo tu, bila kuigusa. Kwa sababu hiyo watetezi wengi wa elimu huria hawazihesabu mbili hizi za mwisho kuwa huria, nami niko upande wao. Somo usiloruhusiwa kulirekebisha halitamfaa mwanafunzi ambaye mwandishi hakumfikiria.

Iko pia CC0, ambayo mwandishi huitumia kuachia haki zake zote kwa kadiri sheria inavyomruhusu. Hapo hata kumtaja si sharti, ingawa ni adabu.

Toleo linalotumika sasa ni 4.0, lililotoka Novemba 2013. Lina kipengele kizuri kwa anayekosea: leseni hukatika mtu anapovunja masharti, lakini akirekebisha kosa ndani ya siku 30 tangu alipoligundua, haki zake zinarudi zenyewe.

## Nitajuaje kwamba leseni ninayoiona ni ya kweli?

Anza na tovuti ya mwandishi au taasisi iliyotoa kazi yenyewe, si tovuti iliyoinakili. Mtu akipakia kitabu cha mwenzake na kukibandika alama ya CC BY, alama hiyo haina nguvu yoyote, kwa sababu hawezi kutoa ruhusa asiyokuwa nayo. Soma ukurasa wa hakimiliki mwanzoni mwa kitabu. Kisha angalia picha na michoro iliyomo ndani: mara nyingi kitabu huwa huria huku picha mbili tatu zikiwa zimeazimwa kwa ruhusa maalumu, na maelezo yameandikwa chini yake kwa herufi ndogo.

Usidhani pia kwamba mchapishaji mmoja ana leseni moja. OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice imetoa vitabu vingi vya kiada kwa CC BY, lakini vile vya kalikulasi vina CC BY-NC-SA. Angalia kitabu kwa kitabu.

## Kumtaja mwandishi kunafanywaje?

Weka mambo manne: jina la kazi, jina la mwandishi, mahali ilikotoka pamoja na kiungo, na leseni yake pamoja na kiungo. Ukibadilisha kitu, sema. Sentensi moja inatosha: "Imetafsiriwa na kufupishwa kutoka..." kisha yale manne. Kwenye kitabu weka chini ya ukurasa au mwishoni mwa sura, kwenye slaidi weka kona ya chini, kwenye rekodi ya sauti itamke. Usiandike kwa namna itakayomfanya msomaji adhani kwamba mwandishi wa awali ameidhinisha toleo lako.

## Naruhusiwa kutafsiri kwa Kiswahili?

Kama leseni haina ND, ndiyo, wala huhitaji kumwandikia mtu barua. Tafsiri kisheria ni urekebishaji, hivyo kila leseni inayoruhusu kurekebisha inaruhusu kutafsiri. Kama ina SA, tafsiri yako itoke kwa leseni ileile. Kama ina ND, unaweza kutafsiri kwa matumizi yako binafsi ila huwezi kuisambaza. Katika hali hiyo mwandikie mwandishi. Wengi waliweka ND kwa hofu tu, na wakielezwa hukubali.

Naomba msomaji akae hapa kidogo. Vitabu vyenye ruhusa ya kutafsiriwa vipo kwa maelfu sasa hivi, vya fizikia, vya uhasibu, vya uuguzi, vya takwimu, na vilivyokwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili ni vichache mno. Kizuizi kilichozoeleka kwa miongo mingi, yaani gharama na usumbufu wa kununua haki ya kutafsiri, kwa vitabu hivi hakipo. Kilichobaki ni kazi ya mikono na akili zetu.

Kazi yenyewe ina busara zake. Usianze na kitabu cha kurasa 900. Anza na sura moja inayofundishwa kweli, uione ikitumika darasani. Kabla ya sentensi ya kwanza tengeneza orodha ya istilahi na mkubaliane, kwa sababu watafsiri watatu wakiwa na maneno matatu ya kitu kimoja mwanafunzi ndiye anayeumia. Programu za kompyuta za kutafsiri zinaweza kukupa rasimu, lakini rasimu hiyo isomwe na mtu anayelijua somo, si anayejua lugha peke yake: ngeli huvurugika, na istilahi hubadilika kutoka aya hadi aya bila taarifa. Badilisha mifano pia. Leseni imekuruhusu, na swali la hesabu linalozungumzia mambo ambayo mwanafunzi hajawahi kuyaona linampima kitu kingine kabisa.

Kuna waliotangulia. Mradi wa TESSA, ulioanza 2005 chini ya uratibu wa Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, una vitini vya mafunzo ya walimu kwa Kiswahili. African Storybook, wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, una hadithi za watoto zenye picha kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. StoryWeaver, wa Pratham Books ya India, nao vilevile, na kote kuwili unaweza kutafsiri hadithi mpya ndani ya tovuti yenyewe. Majaribio ya kuigiza ya PhET, yaliyoanzishwa 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia, katika Chuo Kikuu cha Colorado, yana matoleo ya Kiswahili yaliyofanywa na wafasiri wa kujitolea.

## Na vitabu vya zamani?

Hakimiliki ina mwisho. Mkataba wa Berne unaweka kiwango cha chini cha uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Nchi nyingi zimekwenda hadi miaka 70. Ukishapita muda huo kazi inakuwa mali ya umma: ichape, ifupishe, iigize, itafsiri, hakuna wa kumwomba. Kinachotazamwa ni sheria ya nchi unakoitumia, kwa hiyo kazi inaweza kuwa huru mahali pamoja na bado kufungwa kwingine.

Kuna mtego mmoja. Tafsiri ina hakimiliki yake, na huhesabiwa kwa maisha ya mfasiri. Shakespeare alifariki 1616 na maandishi yake ni ya wote, lakini tafsiri ya Kiswahili iliyofanywa na mtu aliyefariki miaka ishirini iliyopita bado ni ya warithi wake. Hali ni hiyohiyo kwa dibaji, maelezo ya chini na michoro ya toleo jipya.

## Nianzie wapi kutafuta?

Inategemea unatafuta nini, na ni afadhali kujua sehemu chache vizuri kuliko kuzunguka.

Kwa vitabu vya kiada vya sekondari ya juu na chuo, fungua OpenStax, kisha LibreTexts. Kwa maandalio ya masomo na vitini vidogovidogo kuna OER Commons na MERLOT, ambavyo ni orodha kubwa zinazoelekeza kwenye kazi za watu wengi, hivyo hakiki leseni ya kila kimoja. Kwa hesabu na sayansi za sekondari, vitabu vya Siyavula ya Afrika Kusini ni mfano ninaoupenda: viliandikwa kwa leseni huria, na mwaka 2012 serikali ya nchi hiyo ilivichapa na kuvigawa shuleni. Kwa kozi fupi za kujisomea kuna OpenLearn ya Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, iliyoanza 2006. Kwa walimu wa vyuo barani Afrika, OER Africa ina vitini pamoja na miongozo ya namna ya kuvitengeneza.

Kwa picha na sauti nenda Wikimedia Commons au Openverse. Mwalimu anayezoea hizi mbili anaacha kabisa tabia ya kuchukua picha yoyote inayotokea kwenye matokeo ya utafutaji.

## Makala ya utafiti ninayoihitaji imefungwa kwa malipo. Nifanyeje?

Tafuta kwanza nakala halali iliyo wazi. Waandishi wengi huweka toleo lao la makala kwenye hazina ya machapisho ya chuo chao, au kwenye hazina za taaluma kama arXiv, iliyoanzishwa 1991 kwa ajili ya fizikia, na PubMed Central kwa tiba. Programu ya Unpaywall, unayoiweka kwenye kivinjari, inakutafutia nakala hiyo yenyewe. Kuna pia majarida yaliyo wazi tangu mwanzo, na orodha yake kubwa ni DOAJ, iliyoanzishwa 2003. African Journals Online hukusanya majarida yanayochapishwa Afrika, mengi yakiwa wazi.

Ukikosa, mwandikie mwandishi. Anwani yake iko kwenye ukurasa wa kwanza wa makala, ambao kwa kawaida haufungwi. Barua fupi ya heshima yenye jina la makala inatosha. Watafiti hufurahi kusomwa, na katika majarida mengi mwandishi halipwi chochote mtu anaponunua makala yake, kwa hiyo humnyimi riziki.

Mwisho, uliza maktaba ya chuo kama imejiunga na Research4Life. Mpango huu, ulioanza 2002 na tawi la afya la Hinari chini ya WHO, huzipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa ada ndogo. Inasikitisha kuona chuo kina haki hiyo na wanafunzi hawajawahi kuambiwa nywila.

Harakati za kufungua makala zilipata sauti moja kwa Tamko la Budapest la Februari 2002. Tangu hapo mengi yamefunguliwa, ila kwa namna inayoleta kilio kipya: majarida kadhaa humfungulia msomaji mlango na kumtoza mwandishi ada kubwa. Mtafiti asiye na mfadhili hubaki nje, safari hii akiwa mwandishi badala ya msomaji. Majarida yasiyomtoza yeyote kati ya hao wawili, yanayogharimiwa na vyuo na vyama vya wanataaluma, ndiyo yanayostahili kuungwa mkono kwanza.

## Kitu cha bure kinaweza kuwa na ubora?

Kinaweza, na kinaweza kukosa, sawasawa na cha kuuzwa. Bei haimwambii msomaji kama hesabu za ndani ni sahihi. Vitabu vya OpenStax huandikwa na wataalamu wanaolipwa na kupitiwa na wahadhiri wengine kabla ya kutoka. Kitini alichopakia mtu mmoja huenda hakikupitiwa na yeyote. Tazama ni nani aliyeandika, lini, nani amekikagua, na nani mwingine anakitumia.

Faida ya nyenzo huria inaonekana pale kosa linapopatikana. Katika kitabu kilichofungwa utaliona na kulisahihisha kwa kalamu kwenye nakala yako. Katika kitabu huria unaweza kulisahihisha kwenye faili na kutoa toleo safi.

## Intaneti ni ya shida. Hivi vyote vina maana gani kwangu?

Vina maana kubwa, kwa sababu haki ya kubaki na nakala ndiyo inayowezesha kuvitumia bila mtandao. Mtu mmoja akipakua mara moja, wengine wananakiliana.

Kiwix ni programu ya bure inayosoma Wikipedia nzima na maktaba nyingine kutoka kwenye faili moja lililohifadhiwa kwenye simu, kompyuta au kadi ya kumbukumbu. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003, ni ndogo kiasi cha kuenea kwenye simu ya kawaida bila taabu. Kolibri, ya shirika la Learning Equality, imetengenezwa kwa ajili ya shule: unaiweka kwenye kompyuta moja, unaijaza masomo, na wanafunzi wanaunganisha vifaa vyao kwa Wi-Fi ya ndani bila bando. Majaribio ya PhET nayo yanaweza kupakuliwa na kufunguliwa nje ya mtandao.

Usidharau flashi, wala karatasi. Sura yenye leseni huria iliyochapwa na kubanwa kwa pini inamfikia mwanafunzi asiye na umeme.

## Leseni ikisema si kwa biashara, duka la fotokopi linaweza kunitolea nakala?

Swali hili lilifika mahakamani Marekani. Mchapishaji aliyetoa vitini vyake kwa CC BY-NC-SA alilishtaki duka la kunakili lililotoza shule fedha kwa kuzitolea nakala. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa iliamua kwamba aliyepewa leseni ni shule, matumizi yake si ya kibiashara, na anaweza kumlipa mtu amfanyie kazi ya kunakili. Mahakama nyingine ya rufaa nchini humo ikaamua vivyo hivyo mwaka 2019. Hukumu hizo hazifungi mahakama za nchi nyingine, ila hoja yake iko wazi. Duka likichapa rundo kwa uamuzi wake na kuwauzia wapita njia, hilo ni jambo jingine.

## Naweza kuchanganya nyenzo mbili zenye leseni tofauti?

Ukiziweka bega kwa bega, kila moja na leseni yake, hakuna shida. Ukizisuka kuwa andiko moja, masharti yake lazima yapatane. CC BY inachanganyika na karibu kila kitu. CC BY-SA na CC BY-NC-SA hazichanganyiki, kwa sababu kila moja inataka andiko jipya libebe leseni yake. Ndiyo maana aya ya Wikipedia haiwezi kusukwa ndani ya kitini cha MIT, ingawa vyote viwili ni huria.

## Wasioona wanafaidikaje?

Kwa njia mbili. Kitabu huria chenye faili linalohaririwa kinaweza kubadilishwa kuwa Breli, sauti au maandishi makubwa bila kuomba. Kwa vitabu vilivyofungwa kuna Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa 27 Juni 2013 na kuanza kutumika 30 Septemba 2016, unaozitaka nchi wanachama ziziruhusu taasisi zinazotambuliwa kutengeneza nakala za namna hiyo bila kibali cha mwenye haki, na kuzivusha mipaka. Uliza kama nchi yako imeuridhia na kama sheria ya ndani imefuata.

Hata hivyo kitabu kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa hakisomeki kwa programu ya kusoma skrini, leseni yake iwe ipi. Toa maandishi halisi, na kila mchoro uuandikie maelezo.

## Nani anagharamia yote haya?

Wakfu, serikali, vyuo na watu wa kujitolea. Wakfu wa Hewlett na wa Mellon ndio waliosaidia MIT kuanza. Fedha za wakfu zina mwisho, na miradi kadhaa hufifia ruzuku ikikatika. Kwa maoni yangu njia ya kudumu ni serikali kuweka sharti kwamba kitabu kilichoandikwa kwa fedha za umma kitoke kwa leseni huria. Umma umeshakilipia mara moja.

## Mimi ni mwalimu na nina notsi zangu za miaka mingi. Nikiziachia, nitapoteza haki zangu?

Hupotezi. Unabaki mwenye hakimiliki, unaweza kuendelea kuziuza kama kitabu, na jina lako linakwenda na kazi. Unachokubali ni kwamba wengine nao watazitumia kwa masharti uliyoyaweka. Ukiamua baadaye kuacha kuzitoa unaweza, lakini waliokwisha kuzipata hubaki na ruhusa yao. Kwa hiyo amua ukiwa umetulia.

Kabla ya kuachia, hakikisha ni zako. Kama ziliandikwa kama sehemu ya ajira, huenda hakimiliki ni ya mwajiri, hivyo soma mkataba na umwombe kibali cha maandishi. Ondoa michoro na maswali uliyoyanakili kutoka vitabu vya watu. Ondoa majina na alama za wanafunzi.

Kisha chagua leseni. Ushauri wangu ni CC BY, au CC BY-SA kama unataka matoleo yatakayotokana nayo yabaki wazi. NC inaonekana salama, lakini humzuia pia mchapishaji mdogo ambaye angeziuza kwa bei ya karatasi mahali usikofika wewe. Andika kwenye ukurasa wa kwanza: jina lako, mwaka, jina la leseni na namba ya toleo, na kiungo chake. Toa faili la PDF kwa wanaosoma, na pamoja nalo faili la kuhariri, la ODT au la Word, kwa watakaorekebisha.

## Sina notsi za kutoa. Naweza kuchangia nini?

Soma kitini kimoja kwa makini na uwaandikie waliokitoa makosa uliyoyaona. Rekodi hadithi moja ya watoto kwa sauti safi. Andika au rekebisha makala katika Wikipedia ya Kiswahili kuhusu somo unalolijua. Chora mchoro ulio wazi wa jicho, wa pampu ya maji au wa mzunguko wa umeme, uandike sehemu zake kwa Kiswahili na uuweke Wikimedia Commons: michoro yenye maandishi ya Kiswahili ni adimu, na kila mmoja utatumiwa na waandishi ambao hutawafahamu kamwe. Ukitumia faili la SVG, aina ya picha inayoweza kuhaririwa, maandishi yake yanaweza kubadilishwa bila mchoro kuchorwa upya.